Pete Nne za Tochi Zilizoshika Kutu

Zawadi, Kahindi na wenzenu mliobaki karakanani,

Siku mliponiaga mlinipa leso na keki, kisha Zawadi akanivuta kando akaniuliza, "Bi Mishi, mtu akitaka kuondoa mng'aro wa tochi nyumbani, bila mashine, afanyeje?" Nikamjibu maneno mawili matatu, maana watu walikuwa wanangoja keki ikatwe. Tangu siku hiyo jibu lile linanikera. Kazi hiyo ndogo mnayoiona ya kufanyia barazani iliwahi kumtoa mtu kazini, na kosa lilikuwa langu. Basi nimekaa hapa kwangu Mambrui na daftari la mjukuu wangu, nawaandikia. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyangu mnavijua, haviwezi kujaza hata mstari mmoja.

Nilifika karakana ya Bwana Swaleh, pale Malindi, nikiwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Kazi yetu ilikuwa kung'arisha: vitasa vya shaba vya majumba makubwa, mabomba na taa za hoteli, na kutengeneza tochi za walinzi na za wapiga mbizi. Bwana Swaleh alinipokea kwa sababu alijuana na marehemu baba. Akanielekeza kwa mtu mmoja mwembamba aliyeinama juu ya gurudumu la kitambaa, uso wote umejaa vumbi jeusi, macho tu ndiyo yaliyobaki.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Una bangili?"

Sikuelewa. Nilidhani labda anataka kuning'arishia.

"Ninayo, Fundi."

"Ivue. Na hiyo pete ya kidoleni. Gurudumu likikamata bangili, linakwenda na mkono."

Huyo ndiye Fundi Nyale, Mgiriama wa Kibarani, Kilifi. Alikuwa amepanga chumba Malindi, akienda kwao Jumamosi na kurudi Jumatatu alfajiri. Siku ile ya kwanza alinipa kitasa kimoja cha shaba, akasema, "King'arishe mpaka unione." Nikakaa nacho tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nilipokipeleka alikitazama, akasema, "Mimi nimesema unione mimi. Wewe umejiona mwenyewe." Akanirudishia. Nilisimama pale nikikigeuza kitasa huku na huku, nikijaribu kumwona yeye ndani yake, naye ameshaendelea na kazi zake. Mpaka leo sijui kama ulikuwa mzaha au somo. Nilifanya naye kazi miaka mingi na sikuwahi kupata ujasiri wa kumuuliza.

Miaka saba nikawa naondoa mikwaruzo tu. Mkwaruzo ulikuwa adui yangu. Nyumbani nilikuwa siwezi kunywa chai bila kutazama kijiko kimekwaruzwa wapi. Ndipo akaja Kalume.

Kalume alikuwa akiwapeleka wageni chini ya maji kutazama matumbawe. Alikuja na tochi kumi mpya ndani ya ndoo, akazipanga mezani. Kila moja mbele ilikuwa na pete ya stenlesi inayoshikilia kioo, inang'aa vizuri sana.

"Nataka zifubazwe," akasema.

Nikamuuliza, "Zing'arishwe?"

"Zifubazwe, dada. Hizi pete zisimetemete kabisa."

Nilimtazama Fundi Nyale, nikingoja amwambie kwamba amekosea mlango. Fundi akauliza tu, "Mzia?"

"Mzia," Kalume akajibu. "Yule samaki, kile kidude kirefu chenye meno. Kikiona kitu kinametameta mkononi mwa mtu kinadhani ni dagaa. Juzi kimemjia mgeni wangu mpaka hapa." Akaonyesha kiganja. "Hakikumuuma, lakini mgeni hataki tena kusikia habari ya bahari."

Nilicheka, kisha nikaona wao hawacheki. Nilichanganyikiwa kweli. Kitu kipya, kizuri, kilichosuguliwa na mtu huko kiwandani mpaka kikawa kioo, sisi tukiharibu na kuuita uharibifu ufundi! Fundi Nyale akachukua kipande cha bati la stenlesi, akakipiga mkwaruzo mmoja kwa msumari.

"Hii nini?"

"Aibu, Fundi."

Akachukua dodoki la kijani, lile la kuoshea vyombo, akalilowesha kwa maji ya sabuni, akasugua bati lote kwa kwenda upande mmoja, polepole, bila kurudi nyuma. Ule mkwaruzo ukapotea ndani ya mistari midogo mingi, na bati likawa na weupe mtulivu, kama hariri. "Na hii?"

Sikuwa na jina lake.

Basi haya ndiyo aliyonifundisha wiki ile, na ndiyo Zawadi aliyouliza. Kwanza toa betri, kioo na ule mpira unaozuia maji. Kile kikombe cha ndani kinachorusha mwanga usikiguse hata kwa kidole, kiweke kando na ukifunike. Kisha ujue una chuma gani. Stenlesi isuguliwe bila wasiwasi. Lakini kama ni rangi ya fedha iliyopakwa juu ya plastiki au juu ya shaba, iache hivyo hivyo. Ukisugua utafika chini na hapana njia ya kurudi. Nyuzi za kufungia, ile mizunguko ya skrubu, zifunge kwa karatasi ya gundi. Mwili wa tochi sugua kwa urefu, toka kichwani kwenda mkiani, na kila mara unyanyue mkono urudi mwanzo. Pete ni tofauti. Itie kwenye kijiti kilichoviringishwa kitambaa mpaka ikaze, uizungushe ndani ya dodoki, mistari ifuate mviringo. Nyumbani kijiti ni mpini wa mwiko. Usibadilishe upande na usisikilize simu katikati. Naona siku hizi watu wanaletewa kazi zilizosuguliwa kila upande, zinafanana na sufuria ya hotelini, na wanasema waliona kwenye video.

Kabla sijaanza pete za Kalume, mama yangu akaanguka uani akavunjika nyonga. Hapakuwa na mwingine wa kumwuguza. Nilimwomba Fundi ruhusa, akanituma kwa Bwana Swaleh, Bwana Swaleh akanirudisha kwa Fundi, na mwisho Fundi akasema, "Kazi hii haitaki umeme. Zichukue ukafanye nyumbani." Aliniambia nije kuzichukua Jumatatu. Nilipokuja Jumatatu akaniambia nije Jumatano. Hakusema kwa nini, na uso wake ulikuwa umekunjamana. Jumatano akanikabidhi pete kumi ndani ya kitambaa, akazihesabu mara mbili mbele yangu. Hilo nalo halikuwa desturi yake.

Nikazifanyia jikoni, mama amelala chumba cha pili, akiniita kila baada ya pete moja. Pete sita zilikwenda vizuri. Ya saba ilipoanza, dodoki likawa limekwisha, limelainika kama kitambaa. Ilikuwa Ijumaa mchana, maduka ya Mambrui yamefungwa, watu wako msikitini. Nikatazama huku na huku, nikauona waya wa kusugulia masufuria, mpya, bado una karatasi yake. Nikaujaribu. Wallahi ulitoa mistari myembamba mizuri kuliko ya dodoki! Nikamalizia pete nne kwa waya ule, nikajiona fundi wa kweli. Nilipozirudisha, Fundi alizitazama moja moja, akanitazama mimi, akasema, "Haya." Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba. Kalume alizichukua akifurahi.

Wiki ya tatu Kalume akarudi. Safari hii hakuwa na ndoo, alikuwa na leso mkononi. Akaifungua juu ya meza ya Bwana Swaleh. Ndani mlikuwa na pete nne, zimejaa madoa ya rangi ya hudhurungi.

"Stenlesi haishiki kutu," Kalume akasema. Hakupaza sauti. "Nilileta pete za stenlesi. Hizi ni nini?"

Sote tulikuwa tumesimama. Mimi sikuelewa ninachokiona. Pete zile nilizishika kwa mikono yangu. Bwana Swaleh aliichukua moja, akaikwaruza kwa ukucha, akamgeukia Fundi Nyale.

"Fundi, hizi ndizo pete alizoleta Kalume?"

Fundi akanyamaza.

"Fundi, nakuuliza kwa heshima. Ndizo?"

Nilingoja aseme ndiyo. Neno moja tu. Badala yake alitazama chini, akafuta mikono yake kwenye aproni, mkono mmoja, kisha wa pili, kisha ule wa kwanza tena. Bwana Swaleh alingoja mpaka ikawa vibaya kungoja zaidi, kisha akasema, "Basi nenda nyumbani, Fundi. Upumzike mpaka tujue." Watu wakaanza kutazamana. Kila mtu alielewa kwamba Fundi Nyale amebadilisha pete nzuri kwa za bandia, za kwanza akazipeleka anakojua yeye. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaondoka bila kuniaga.

Nitawaambia ukweli, maana ninyi ni wenzangu: siku mbili za mwanzo nami nilimshuku. Nilikumbuka Jumatatu iliyogeuka Jumatano, na kule kuhesabu mara mbili. Nikilala naona ni mwizi, nikiamka naona haiwezekani. Mtu aliyenikataza hata kuchukua kitambaa kichafu cha karakana! Nilikuwa nikisimama mbele ya gurudumu nikasahau nimeshika nini. Siku moja nilikipamba kitasa cha mteja kwa mikwaruzo ambayo sijui hata niliifanyaje.

Mama ndiye aliyenifungua macho, naye hakujua. Alikuwa ameanza kukaa, akiniamuru jikoni kutoka kitandani. Jioni moja nilimletea chakula kwenye sinia lake la stenlesi, zawadi ya harusi yake.

"Mishi, sinia langu limekuwaje?"

Pembeni palikuwa na doa la kutu, duara, limefanana kabisa na kile kipande cha waya nilichokiacha hapo kikiwa kimelowa.

"Sinia hili halijashika kutu tangu niolewe," akasema. "Umelifanya nini?"

Nililisugua doa kwa kidole, likatoka kidogo, likabaki kidogo. Nikachukua vijiko viwili vya stenlesi kutoka seti moja. Kimoja nikakisugua kwa dodoki jipya, cha pili kwa waya. Nikateka maji ya bahari kwenye kikopo, nikaviweka vijiko juu ya ukuta wa uani, nikawa navinyunyizia asubuhi na jioni. Jirani aliniuliza navifanyia uganga gani. Siku ya nne kijiko cha waya kilikuwa na madoa kufuata mistari ileile niliyoichora, na kijiko cha dodoki kimekaa vilevile, cheupe.

Waya ule ni wa chuma cha kawaida. Unaposugua unaacha punje zake ndani ya mistari, ndogo hata hazionekani, na hewa yetu ya chumvi inazila. Stenlesi haina kosa lolote. Sasa mnajua, na ikiwa hamtakumbuka kingine katika barua hii, kumbukeni hilo: tochi ya baharini msiiguse kwa waya wa sufuria.

Mngedhani nilikimbia siku ileile kwa Bwana Swaleh. Sikukimbia. Nilikaa na vijiko vile siku mbili, nimevifunga kwenye mtandio. Nilikuwa na mama asiyeweza kutembea, na kazi ile ndiyo iliyotulisha. Tena kulikuwa na jambo lililonitatiza zaidi ya woga. Kama kosa ni langu, kwa nini Fundi hakusema pete ni zilezile? Mtu asiye na kosa anyamaze ya nini? Nililigeuza swali hilo mpaka kichwa kikauma. Siku ya tatu nikamwomba jirani akae na mama, nikaenda Kibarani.

Nilimkuta Fundi Nyale nje ya nyumba yake, ameshika kiti kilichovunjika mguu, hakitengenezi, amekishika tu. Alikuwa amekonda. Mkewe akaniletea maji, akatuacha.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mama aendeleaje?"

"Anakaa sasa. Fundi, zile pete nimeziharibu mimi." Nikafungua mtandio, nikamwonyesha vijiko, nikamweleza habari ya Ijumaa na waya na sinia. Nilisema yote kwa pumzi moja, nikilia. Nilidhani atakasirika, au atashukuru. Alivichukua vijiko akavitazama kwenye jua kwa muda mrefu, na uso wake ukawa wa mtu aliyepewa hesabu isiyotoka.

"Zimeshika kutu nne," akasema.

"Ndiyo, Fundi. Nne ndizo nilizosugua kwa waya."

"Lakini mimi nilinunua mbili."

Nikamtazama.

Akashusha kiti. Akaniambia kwamba siku alipokuwa akifungua zile tochi, pete mbili zilibingirika kutoka mezani, zikatoka mlangoni, zikaingia mtaroni. Alizitafuta kwa mikono ndani ya maji machafu mpaka giza, asizipate. Aliona aibu kumwambia Bwana Swaleh kwamba Fundi Nyale, yeye anayewafokea wengine kwa kuangusha skrubu, ameangusha pete za mteja. Ndipo akaenda Mombasa, akazunguka madukani kutwa nzima, akapata mbili zinazofanana nazo, akazichanganya na nane zilizobaki. Hiyo ndiyo Jumatano yangu.

"Kalume alipofungua leso," akasema, "nilijua ni zangu. Nimeuziwa za bandia. Bwana Swaleh aliponiuliza kama ndizo pete za Kalume, ningesemaje ndizo? Ningekuwa mwongo. Nikisema sizo, ni mwizi. Nikanyamaza. Halafu nikafika hapa nikaanza kuhesabu. Nilinunua mbili, zimeoza nne. Kila siku nahesabu, mwanangu. Mbili. Nne. Nikafikiri labda nimeanza kupoteza akili, labda nilinunua nne nikasahau."

"Kwa hiyo zile zako mbili ni nzima?"

"Mimi sijui. Wewe wajua?"

Nami sikujua. Huenda zilikuwa katika zile sita nzima, huenda zilikuwa katika zile nne, huenda moja huku na moja kule. Tulikaa pale tumetazamana, wenye makosa wawili, na hakuna aliyeweza kusema kosa la nani liko wapi. Kisha Fundi akaanza kucheka, kicheko chembamba cha puani, nami nikacheka huku machozi hayajakauka, mkewe akachungulia mlangoni kuona tumepatwa na nini.

Kesho yake tulikwenda pamoja kwa Bwana Swaleh. Nilisema langu kwanza, Fundi akasema lake. Bwana Swaleh alituuliza mara tatu turudie, akachora kwenye karatasi, pete kumi, akazizungushia duara, akazifuta, akachora tena.

"Kwa hiyo Fundi hakuiba," akasema mwisho.

"Sikuiba."

"Lakini pete si zilezile."

"Mbili si zilezile."

"Na zilizoshika kutu si hizo mbili."

"Labda si hizo," Fundi akasema. "Labda ndizo."

Bwana Swaleh akaweka kalamu chini. "Kwa nini hukuniambia haya siku ile?"

"Siku ile uliniuliza mbele ya watu," Fundi akajibu, "na watu walikuwa wameshajibu."

Bwana Swaleh akafungua mtoto wa meza, akatoa zile pete nne, akatusogezea.

Tulizitengeneza siku ileile, Fundi na mimi, meza moja. Dodoki jipya la kijani ambalo halijawahi kugusa chuma kingine, maji ya sabuni, upande mmoja, mpaka madoa yakaisha. Kisha tukaziloweka katika maji ya moto yaliyokamuliwa ndimu nyingi, ili yaziyeyushe zile punje za chuma zilizojificha, tukazisuuza, tukazikausha. Tulimwita Kalume, tukamweleza kila kitu, pamoja na habari ya mtaro. Akatuletea na zile sita. Tukazipanga zote kumi juu ya ukuta na kuzinyunyizia maji ya bahari wiki mbili nzima. Hakuna hata moja iliyoshika kutu. Kalume alizigeuza akatafuta zipi zilizonunuliwa Mombasa, akashindwa. Fundi naye akashindwa. Kalume akasema mzia hawezi kujua tofauti, na yeye mwenyewe pia haimhusu, akazichukua akaondoka.

Mimi sikufukuzwa. Bwana Swaleh alininunia mwezi mzima, kisha akachoka. Lakini kabla ya hapo alifanya jambo moja ambalo nalisema kwa heshima yake. Alituita wote, walewale waliosimama siku ya leso, akamsimamisha Fundi Nyale karibu naye, akasema, "Nilimdhania mtu huyu wizi, na sikuwa na haki. Nakuomba radhi, Fundi, mbele ya hawa waliosikia."

Fundi Nyale alitazama mikono yake.

"Nimesikia," akasema. Akavaa aproni yake akaenda kwenye gurudumu.

Jioni, tulipokuwa tukifunga, nilimfuata mpaka getini. Sikuweza kujizuia.

"Fundi, umemsamehe?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli, kama anavyofikiri mbele ya chuma asichokijua ni cha aina gani.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Nitakuja kesho, nione."

Akaja kesho yake. Akaja na siku iliyofuata. Alikuja miaka tisa zaidi, mpaka macho yalipokataa kazi akarudi Kibarani kabisa, na katika miaka yote hiyo hakuniambia ameona nini.